UZI: Mdomo wangu umekiri makosa ambayo sikuyatenda. Miaka tisa ya ukalimani katika mahakama za Marekani

#1 Mdomo wa Pili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam zenu.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Kilichonisukuma ni mjadala wa wiki iliyopita, mwanajukwaa mmoja alipoandika kwamba Wamarekani weusi wamejaa jela kwa ukorofi wao wenyewe, maana sheria ya kule ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wengi wakaunga mkono. Siku ile nilishindwa kujibu, kwa sababu jambo lenyewe ni kazi yangu ya kila siku na haliwezi kuenea kwenye mistari miwili.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili mahakamani. Nimezaliwa Tabora, nipo Marekani mwaka wa kumi na nne, na hii tisa ya mwisho natumwa kwenye mahakama za kaunti katika jimbo ambalo sitalitaja, kwa kuwa kiapo changu hakiniruhusu kusimulia kesi za watu. Nitakazozitaja kwa majina ni zile zinazojulikana dunia nzima. Za kwangu nitazieleza bila jina, na nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili mtu asitambulike.

Wengi ninaowatafsiria ni wakimbizi kutoka Kongo, watu wa Uvira, Fizi na Kalemie, wengine wamekaa Nyarugusu miaka kumi na zaidi kabla ya kuletwa huku. Wakifika wanapangiwa nyumba kwenye mitaa ya kodi nafuu, na mitaa hiyo ndiyo wanayoishi Wamarekani weusi. Polisi wa doria akipita pale hatofautishi aliyezaliwa Fizi na aliyezaliwa Alabama.

Kanuni ya kwanza ya ukalimani wa mahakamani ni kusema "mimi". Husemi "anasema hakuiba", unasema "sikuiba". Hakimu akiuliza kama mshtakiwa anakiri, naye akajibu kwa Kiswahili, sauti inayoingia kwenye kumbukumbu za mahakama ni yangu. Kwa miaka tisa mdomo huu umekiri wizi, shambulio, kuendesha gari bila leseni, kumzuia polisi kufanya kazi yake. Na wengi wa waliokiri kupitia mdomo wangu walikiri kwa sababu moja: walitaka kurudi nyumbani.

Nitashusha kwa vipande. Mniwie radhi nikichelewa, naandika usiku baada ya kazi.

#2 Mdomo wa Pili

Jumatatu ndiyo siku nzito, kwani waliokamatwa tangu Ijumaa jioni wanasomewa mashtaka siku hiyo. Hawaletwi mahakamani. Wanakalishwa kwenye chumba hukohuko mahabusu, nasi tunawaona kwenye skrini ukutani: benchi la chuma, sare za rangi ya chungwa, kandambili za plastiki. Upande wetu yupo hakimu, mwendesha mashtaka, wakili wa kupewa na serikali akiwa na rundo la mafaili ambayo mengi ameyapokea asubuhi ileile, na mimi na kipaza sauti changu. Kila mtu hupata kama dakika tatu. Nikiwa na mteja mmoja tu, hukaa pale nikisubiri zamu yake, nikiwatazama wengine thelathini au arobaini wakipita. Kaunti yenyewe kwa sehemu kubwa ni ya wazungu. Kwa kuliangalia lile benchi usingejua.

Katika dakika zile tatu hakimu anataja dhamana. Kwetu tumezoea wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho. Kule mara nyingi ni fedha. Unatajiwa dola 1,500, au 5,000, au zaidi. Kama huna, ng'ambo ya barabara kuna ofisi za mawakala wa dhamana, taa zinawaka usiku kucha. Unampa wakala asilimia 10, yeye anakudhamini, na hiyo asilimia 10 haikurudii hata kesi ikifutwa kesho yake. Asiye nayo anarudi selo kungoja.

Na wanaongoja ni wengi sana. Katika mahabusu za kaunti nchi nzima, takribani theluthi mbili ya waliomo hawajahukumiwa kwa kosa lolote. Humo ndimo rangi inapofanya kazi bila mtu kuitaja. Familia ya kizungu ya kati ina mali mara kadhaa ya familia nyeusi ya kati, kwa sababu babu za wazungu waliruhusiwa kukopa na kununua nyumba mitaa mizuri na babu za weusi walikataliwa. Hakimu anataja kiasi kilekile kwa wote wawili. Mmoja anakula chakula cha jioni kwake, mwingine siku ya tatu anafukuzwa kazi kwa utoro, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba anatoa vitu nje.

Wapo mtakaomkumbuka Kalief Browder. Mei 2010, New York, mtaa wa Bronx. Kijana mweusi wa miaka 16 anasimamishwa na polisi, anaambiwa ameiba begi la mgongoni. Anakana. Dhamana inawekwa dola 3,000, familia inashindwa kuipata. Akapelekwa Rikers Island, kisiwa cha mahabusu za jiji, akakaa miaka mitatu bila kesi kusikilizwa, na takribani miwili kati ya hiyo katika selo ya peke yake. Mara kadhaa aliambiwa akiri apunguziwe. Ilifika siku jaji akamwambia akikiri makosa madogo mawili anaondoka siku hiyohiyo. Akakataa, akasema hakufanya. Mwaka 2013 shtaka likafutwa, akarudi kwao. Juni 2015 akajiua nyumbani kwa mama yake. Alikuwa na miaka 22.

Kwenye dawati langu mahakamani nimekuwa nikimfikiria kijana huyu mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Alichokataa yeye kwa miaka mitatu, mimi nawasikia watu wakikikubali kwa wiki mbili. Wala siwalaumu hata kidogo. Mtu ana watoto wanne, mke hajui Kiingereza, na anaambiwa: kiri leo, utahesabiwa siku ulizokaa, utoke. Ukikana, kesi itatajwa tena baada ya siku 40.

#3 Fundi Rangi

Mkuu, naomba kuuliza. Si wana haki ya kusikilizwa na lile baraza la raia 12? Kwenye filamu tunaona mawakili wanavyopambana.

#4 Mdomo wa Pili

Swali zuri mkuu Fundi Rangi. Haki hiyo ipo, imo kwenye Katiba yao. Ila zaidi ya asilimia 95 ya hukumu za hatia za makosa ya jinai zinatokana na mtu kukiri kwa makubaliano na mwendesha mashtaka. Baraza lile, wenyewe huita juri, halikai kabisa. Katika miaka yangu tisa, kesi nilizotafsiri mpaka juri ikatoa uamuzi nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwa nini watu hawaendi mbele ya juri? Kwa sababu mwendesha mashtaka ndiye anayechagua shtaka, na sheria nyingi zimefunga adhabu kwenye shtaka, kwamba kosa hili halipungui miaka mitano, lile halipungui kumi. Anakuwekea mezani mbili: kubali miaka miwili, au nenda kwenye kesi nikuandikie shtaka la miaka 15. Paul Hayes wa Kentucky alishtakiwa kwa hundi ya kughushi ya dola 88 na senti 30. Akaambiwa akikiri ataombewa miaka mitano, akikataa atashtakiwa kama mhalifu sugu. Akakataa. Akapata kifungo cha maisha. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema mwendesha mashtaka hakukosea. Tangu hapo mlango ukabaki wazi.

Sasa wakuu wekeni mawili haya pamoja. Aliyeshindwa dhamana yuko ndani, hawezi kutafuta mashahidi, anaonana na wakili dakika kumi kupitia kioo. Halafu ndiye anayeletewa karatasi ya kukiri. Hapo hahitajiki hakimu mwenye chuki. Mahakimu wengi ninaofanya nao kazi ni watu wa heshima, na wapo wanaouma midomo wakisoma kiwango cha chini ambacho sheria imewafunga nacho. Ukishajua nani alisimamishwa barabarani, nani alishindwa kulipa na shtaka gani liliandikwa, umeshajua mwisho wake.

#5 Kisiki cha Mpingo

Nimesoma kwa utulivu. Lakini mkuu tuwe wakweli. Takwimu zinaonyesha weusi wanafanya mauaji na ujambazi kwa kiwango kikubwa kuliko idadi yao. Polisi wakienda kwenye uhalifu wataambiwa wabaguzi? Na hao wanaouawa si weusi wenzao?

#6 Mdomo wa Pili

Mkuu Kisiki, sitalikwepa.

Ni kweli kwamba mitaa mingi ya weusi maskini ina mauaji mengi, na wanaozikwa ni weusi wenzao. Nimekaa kwenye misiba hiyo. Ni kweli pia kwamba zaidi ya nusu ya waliomo kwenye magereza ya majimbo wamefungwa kwa makosa ya kutumia nguvu, siyo bangi. Mtu anayewaambia kwamba ukiwaachia wa bangi magereza yatabaki matupu anawadanganya.

Lakini twende kwenye makosa ambayo watu wa rangi zote huyafanya sawasawa. Bangi weusi na wazungu wanavuta kwa viwango vinavyokaribiana. Umoja wa Uhuru wa Raia wa Marekani ulipopitia kumbukumbu za polisi ukatoa ripoti 2013: mweusi alikuwa na uwezekano wa kukamatwa kwa bangi mara 3.7 kuliko mzungu. Hapo ukorofi unaingilia wapi? Anayepekuliwa ndiye anayekutwa nayo.

Na upekuzi wenyewe tazama New York. Mwaka 2011 pekee polisi walisimamisha watu barabarani mara 685,724. Karibu tisa katika kila kumi walikuwa weusi au Walatino, na karibu tisa katika kila kumi waliachwa waende bila kukamatwa wala kuandikiwa chochote, kwa sababu hawakuwa na kosa. Agosti 2013 Jaji Shira Scheindlin akaamua kwamba namna ile ilivunja Katiba.

Halafu kuna Ferguson, Missouri. Baada ya Michael Brown, kijana mweusi, kuuawa kwa risasi na polisi Agosti 2014, Wizara ya Sheria ilifungua vitabu vya mji ule. Weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi na asilimia 93 ya waliokamatwa. Wachunguzi wakakuta barua pepe za viongozi wakihimiza faini ziongezwe, kwa kuwa bajeti ya mji iliegemea huko. Kuna mama mmoja mweusi katika ripoti hiyo, jina lake halikutajwa. Mwaka 2007 aliegesha gari vibaya siku moja. Akaandikiwa dola 151 na gharama nyingine juu yake. Hakuwa nazo, akakosa kufika mahakamani, ikaongezwa faini, ukatolewa waranti. Alikamatwa mara mbili, akalala ndani siku sita. Mpaka Desemba 2014 alikuwa ameshalipa dola 550 na bado alidaiwa 541. Alijaribu kulipa kidogo kidogo, dola 25, dola 50, na mahakama ikamrudishia malipo kwa kuwa hayakutimia.

Mkuu, mama huyo naye yumo kwenye takwimu za waliokamatwa unazozisema.

#7 Kisiki cha Mpingo

Hilo la Ferguson sikulijua. Endelea mkuu, nafuatilia.

#8 Mdomo wa Pili

Ahsante mkuu. Wengi huniuliza PM haya yalianza lini. Nitakwenda haraka, ila mahali pamoja nitasimama.

Desemba 1865 utumwa ulifutwa kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba yao. Sentensi yenyewe iliacha upenyo: hakutakuwa na utumwa, isipokuwa kama adhabu ya kosa ambalo mtu amehukumiwa. Mwaka uleule majimbo ya kusini yakatunga sheria za weusi. Mississippi ilidai kila mtu mweusi awe na ushahidi wa maandishi kila Januari kwamba ana kazi na makazi. Asiye nao ni mzururaji. Watanzania neno uzururaji tunalijua vizuri, tuliachiwa na Mwingereza kwenye Kanuni ya Adhabu. Kule mzururaji alitozwa faini, na akishindwa, anakodishwa kwa mzungu atakayeilipa. Baadaye majimbo yakawakodisha wafungwa kwa maelfu kwenye migodi, reli na mashamba ya miwa. Mwaka 2018 huko Sugar Land, Texas, watu waliokuwa wakijenga shule walifukua makaburi ya watu 95, wafungwa waliokodishwa kwenye mashamba hayo. Alabama iliacha kukodisha wafungwa mwaka 1928.

Hapa ndipo ninaposimama: gereza la Angola, Louisiana.

Lilikuwa shamba la Isaac Franklin, mfanyabiashara mkubwa wa watumwa. Likaitwa Angola kwa sababu ya kule walikoaminika kutoka watumwa wake. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, meja mmoja wa jeshi lililopigania utumwa, Samuel James, akaliendesha kwa wafungwa wa kukodi, na mwaka 1901 serikali ya jimbo ikalichukua yenyewe. Ni ekari 18,000, Mto Mississippi umelizunguka pande tatu. Wafungwa wengi ni weusi, wengi wana vifungo vya maisha. Asubuhi wanatoka kwa mistari na majembe begani, askari yuko juu ya farasi na bunduki, wanalima mboga na kuchuma pamba. Malipo yanaanzia senti 2 za dola kwa saa.

Mara ya kwanza kuona picha ya mistari ile nilidhani ni ya zamani. Nikaangalia tarehe chini yake, ilikuwa ya mwaka ambao mimi nilikuwa tayari nafanya kazi hii. Jina la nchi jirani ya Kongo, kwenye lango la gereza, na vitukuu vya waliobebwa kutoka huko ndio wanaolima.

Wangapi waliomo humo walitiwa hatiani na juri isiyokubaliana? Hili watu wengi hawalijui. Mwaka 1898 Louisiana iliandika katiba mpya, na waliokutana kuiandika walisema bila kificho kwamba wanataka kuimarisha utawala wa weupe. Mahakama za juu zilikuwa zimekataza kuwazuia weusi wasikae kwenye juri. Basi wakaweka kwamba kura tisa kati ya 12 zinatosha kumtia mtu hatiani, baadaye kumi. Ukiwaweka weusi wawili humo ndani, kura zao hazizuii kitu. Sheria hiyo ilidumu mpaka wapiga kura walipoiondoa Novemba 2018. Mwaka 2020, katika kesi ya Ramos, Mahakama ya Juu ikasema juri lazima iwe na kauli moja. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo ikasema waliokwisha maliza rufaa zao zamani hawanufaiki. Wapo waliobaki ndani kwa hukumu ambayo leo isingesimama.

Kwa asiyejua, juri siyo kama wazee wa baraza wa kwetu ambao jaji halazimiki kufuata maoni yao. Wale 12 wakisema hana hatia, imekwisha. Ndiyo maana nani anakaa pale ni jambo la kufa na kupona. Curtis Flowers, mweusi wa Mississippi, alishtakiwa kwa mauaji ya watu wanne katika duka la samani mwaka 1996. Mwendesha mashtaka mmoja alimpeleka kwenye kesi mara sita. Katika kesi zote sita aliwaondoa watu weusi 41 kati ya 42 ambao angeweza kuwaondoa kwenye juri. Mahakama ya Juu ilifuta hukumu ya hatia ya kesi ya sita Juni 2019, na Septemba 2020 mashtaka yote yakaondolewa. Alikuwa ameshakaa ndani zaidi ya miaka 20.

#9 Fundi Rangi

Mkuu mimi nilisikia ni biashara tu. Makampuni binafsi yanamiliki magereza na yanataka vichwa.

#10 Mdomo wa Pili

Mkuu, magereza ya makampuni yapo na yana uchafu wake, ila yanabeba chini ya mfungwa mmoja kati ya kumi. Mengine yote ni ya serikali. Fedha inaingia kwa milango mingine: dhamana, faini, na simu. Bibi mmoja wa Washington, Martha Wright, alianza kudai haki mwaka 2000 kwa kuwa bei ya kumpigia mjukuu wake aliyefungwa ilimshinda. Sheria ya kudhibiti bei hizo ilisainiwa Januari 2023, na inaitwa kwa jina lake. Yeye alifariki 2015.

Ongezeko kubwa lilikuja kwa siasa. Mwaka 1972 magereza ya majimbo na ya serikali kuu yalikuwa na watu wapatao 200,000. Kufikia 2009 walipita 1,600,000, bila kuhesabu mahabusu za kaunti. Weusi ni kama 14 katika kila Wamarekani 100, lakini magerezani ni takribani mmoja katika kila watatu. Rais Nixon mwaka 1971 alitangaza dawa za kulevya kuwa adui namba moja wa taifa. Mwaka 1986 likapita bunge lao lile jambo ambalo mpaka leo nikilieleza watu hudhani natia chumvi: gramu 5 za kreki zilikupa kifungo kisichopungua miaka mitano, na ili upate kifungo hichohicho kwa kokeni ya unga ulihitaji gramu 500. Kitu ni kilekile, kimepikwa tu kwa magadi. Waliohukumiwa kwa kreki kwa sehemu kubwa walikuwa weusi. Mwaka 2010 uwiano ulishushwa kutoka mia kwa moja mpaka 18 kwa moja. Haujawa sawa mpaka leo.

Miaka ya karibuni vidonge vya maumivu na heroini vilipoingia kwenye miji ya wazungu, viongozi walizungumza habari za ugonjwa, matibabu, dawa ya kuzindua aliyezidisha. Nilifurahi kusikia hivyo, kwa dhati. Nikawa nawaza tu wale wa 1986.

#11 MamaUvira

Kaka Mdomo wa Pili, asante sana kwa hii mambo unaandika. Mimi niko Grand Rapids, Michigan. Sisi tulikimbia vita tukasema huku njo salama. Tarehe 4 mwezi wa ine 2022 polisi alisimamisha gari ya Patrick Lyoya, mtoto wetu wa Congo, miaka 26. Alisema plake haifanane na gari. Wakashikana, wakagombania ile Taser, chombo ya polisi ya kupiga umeme, halafu akamupiga risasi kwa kichwa nyuma, yeye amelala chini kifudifudi. Baba yake alisema mbele ya wandishi kwa Kiswahili, pasta anatafsiri. Nilisikia sauti ya baba ile kwa televizyo nikalia sana, juu alikuwa anaongea kama baba yangu mimi. Mwezi wa tano 2025 kesi ikaisha, watu wa juri hawakusikilizana, na mwendesha mashtaka akasema hatarudia.

#12 Mdomo wa Pili

Pole sana mama. Poleni wote wa Grand Rapids.

Wakuu, huyo ndiye niliyekuwa namfikiria nilipoandika kwamba polisi hatofautishi. Na kwenye sheria, kumsimamisha mtu kwa kibao cha namba ni halali kabisa. Tangu 1996, kwa kesi ya Whren, polisi anaweza kukusimamisha kwa kosa lolote dogo la barabarani hata kama kinachomsukuma ni kingine, na mahakama haitauliza moyoni mwake mna nini.

Mahakama ya Juu iliwahi kuwekewa takwimu mezani. Kesi ya Warren McCleskey, mweusi aliyehukumiwa kifo Georgia, 1987. Watafiti walipitia kesi za mauaji zaidi ya 2,000 wakakuta kwamba aliyeua mzungu alikuwa na uwezekano mara 4.3 wa kuhukumiwa kifo kuliko aliyeua mweusi. Majaji watano kati ya tisa wakasema hata takwimu zikiwa sahihi, lazima athibitishe kwamba katika kesi yake mwenyewe kuna mtu aliyekusudia kumbagua. McCleskey aliuawa kwenye kiti cha umeme 1991. Jaji Powell, aliyeandika uamuzi ule, baada ya kustaafu alisema kama angeweza kubadili kura yake moja, ingekuwa hiyo.

#13 Nyakato

Mkuu, kuna kitu chochote kinachobadilika? Na nina mdogo wangu Texas, yuko chuo huko. Akisimamishwa afanyeje?

#14 Mdomo wa Pili

Dada Nyakato, kinabadilika, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani watu wamekaa tu. Mwanamume mweusi aliyezaliwa 1981 alikadiriwa kuwa na nafasi moja kati ya tatu ya kuingia gerezani maishani mwake. Aliyezaliwa 2001 ni moja kati ya tano. Bado ni aibu, ila ni makumi ya maelfu ya watoto wa watu. Illinois ilifuta kabisa dhamana ya fedha Septemba 2023, jimbo la kwanza. Florida wapiga kura waliwarudishia haki ya kura watu wapatao 1,400,000 mwaka 2018, kisha mwaka uliofuata bunge la jimbo likaweka sharti kwamba walipe kwanza faini na gharama zote za mahakama. Ndivyo inavyokwenda, hatua mbili mbele, moja nyuma.

Kuhusu mdogo wako. Mikono ionekane juu ya usukani. Asibishane barabarani, ubishi wake aupeleke kwa wakili. Aseme anataka wakili, kisha anyamaze kweli. Akiwa hana uraia, asikiri chochote kabla hajamuuliza wakili habari ya uhamiaji. Tangu 2010, kwa kesi ya Padilla, wakili analazimika kumweleza kama kukiri kutamfukuzisha nchini. Kosa dogo la wizi wa dukani limewatoa watu wenye kadi ya ukaazi.

Na la mwisho linatuhusu sisi wa lugha hii hasa. Mwambie awe mwangalifu na neno "ndiyo". Kiswahili chetu, mkubwa akiongea unaitikia: ndiyo, ndiyo mzee, naam. Maana yake nakusikia. Polisi anaandika: amekubali. Vilevile tunasema "nisamehe" au "samahani bwana" kutuliza mambo hata kama hatujakosa. Kwenye karatasi inasomeka kwamba ameomba radhi kwa alichofanya. Na kuinamisha macho mbele ya mkubwa, kule wanakutazama kama mwenye kuficha jambo.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na mzee mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha nyama, aliyeshtakiwa kwa wizi. Hakimu alikuwa akimsomea haki zake anazoziacha kwa kukiri, moja baada ya nyingine, na kila moja mzee akiitikia "ndiyo" huku ameinama. Nami natafsiri: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Alipofika ya nne, alipoulizwa kama anakiri kwa hiari yake kwa sababu ametenda kosa, akasema, "Ndiyo mheshimiwa, nimesikia." Mkalimani haruhusiwi kutoa ushauri. Ila anaruhusiwa kuomba ruhusa ya kufafanua. Nilinyanyua mkono, nikasema mkalimani anaomba kuieleza mahakama kwamba neno alilotumia mshtakiwa laweza kuwa kukubali na laweza kuwa kuitikia tu. Hakimu akavua miwani. Akamuuliza upya, pole pole: "Uliiba?" Mzee akanyanyua uso kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema, "Hapana. Mimi sikuiba kitu cha mtu."

Kesi ikaahirishwa. Wakili wake akatafuta picha za kamera ya dukani, akazipata, na shtaka likafutwa. Mzee alikuwa ameshakaa ndani siku 19. Kazi yake kiwandani walikuwa wameshampa mtu mwingine.